Mgeni wa Duka na Mgeni wa Jembe: Tunajifunza Nini kwa Wahamiaji wa Unguja?

Katika ziara yetu ya robo mwaka huko Uroa, mzee mmoja wa kanisa alisimama baada ya taarifa ya mradi akauliza swali ambalo tumekuwa tukilisikia kwa namna mbalimbali katika vikao vya kamati. "Ndugu mratibu," alisema, "Mwarabu alikuja hapa na jahazi hana kitu, akafungua duka. Sisi watu wa bara tumekuja na boti, wengine miaka kumi sasa, bado tunapanga chumba. Hivi sisi tuna kasoro gani?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Wafadhili wetu nao, kwa lugha yao ya fomu na majedwali, huuliza jambo hilo hilo: kwa nini kundi moja la wahamiaji husimama haraka na jingine huchelewa, ilhali wote wamevuka bahari?

Tuliahidi kujibu katika jarida hili. Si kwa ajili ya kuongeza elimu tu. Jibu likikosewa, fedha za mradi wa kuweka na kukopa nazo zitakosewa, kama tulivyowahi kuzikosea, na hilo tutalieleza mbele.

Kwa wasiofika huko, Uroa ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, Wilaya ya Kati, si mbali na Chwaka. Wenyeji ni wavuvi, na akina mama ni wakulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara katika pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Umeme ulifika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Norwei, na hoteli za kitalii zikafuata. Pamoja na hoteli wakaja watu wa bara: wapishi, mafundi uashi, wahudumu, walinzi wa Kimasai, wachonga vinyago, mama lishe wanaowapikia wajenzi. Wenyeji karibu wote ni Waislamu. Washarika wetu huko ni wageni, na sisi tunaowatembelea ni wageni zaidi.

Waarabu wa namna mbili, au tatu

Swali la mzee lina kosa moja mwanzoni kabisa. Linamzungumzia "Mwarabu" kama mtu mmoja. Unguja ya kabla ya Mapinduzi ilikuwa na Waarabu wenye mashamba makubwa ya karafuu na minazi, ambao mababu zao walikuja na utawala wa Seyyid Said katika karne ya 19. Hao hawakufungua duka la kijijini. Walikaa mjini, wengi wao wakiwa na madeni makubwa kwa Wahindi waliowakopesha kwa rehani ya mashamba. Kufikia miaka ya 1930 madeni hayo yalikuwa mazito kiasi kwamba serikali ya Waingereza ilitunga sheria kuzuia mashamba yasiishie mikononi mwa wakopeshaji.

Wale waliokuja na jahazi bila kitu walikuwa wengine. Kwanza Wamanga, yaani watu waliotoka Oman moja kwa moja. (Neno Manga tunalo jikoni mpaka leo kwenye pilipili manga, ingawa wanaoinunua hawakumbuki.) Pili Washihiri, watu wa Hadhramaut, upande wa Yemen. Hawa walikuja na upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, na wengi walitarajia kurudi na kusi. Washihiri walikuwa mahamali bandarini, wasukuma magari ya mizigo, wauza kahawa wa mitaani. Wamanga walikwenda mashamba wakafungua vibanda, wakanunua mbata na karafuu kwa wakulima wadogo na kuuza unga, mafuta ya taa na chumvi. Mmanga alilala dukani mwake juu ya magunia. Waarabu wa mjini wenye nasaba waliwadharau, na wao kwa wao hawakupatana: mwaka 1928 Wamanga na Washihiri walipigana mjini Unguja. Mwaka 1936 Wamanga walifanya ghasia kupinga amri ya serikali ya kukagua ubora wa mazao, kwa sababu mbata waliyokuwa nayo ilikuwa ikikataliwa na hasara ilikuwa yao.

Kwa hiyo huyo tunayemtaja katika vikao alikuwa fukara. Swali linabaki: fukara huyu aliwezaje kuwa na duka, na fukara wa bara akabaki na jembe?

Jibu letu ni maneno mawili ambayo kila mfanyabiashara wa Darajani anayajua: mali kauli. Mmanga hakuja na mtaji, alikuja na mtu wa kumdhamini. Mjomba au mtu wa kijiji chake alikuwa ametangulia na kujulikana kwa mwenye duka la jumla, mara nyingi Mhindi. Kijana alipewa gunia la mchele na debe la mafuta kwa ahadi, akauza, akarudisha, akapewa magunia mawili. Naye aliwakopesha wanakijiji hadi msimu wa karafuu. Mnyororo mzima ulisimama juu ya neno la mdhamini. Kijana akitoroka, aibu ilimfuata mpaka kwao kwa jahazi la msimu ujao, na jamaa zake ndio waliolipa. Hakuna benki iliyoandika hata karatasi moja, na dhamana ilikuwa imara kuliko hati.

Watu wa bara

Sasa tumtazame mwenzake. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, mashamba ya karafuu yalihitaji vibarua. Wakaja Wanyamwezi, Wasukuma, Wazigua, Wazaramo, Wamakonde na wengine. Walipalilia, na msimu ukifika walichuma karafuu na kulipwa kwa pishi. Wengine walibaki mjini, wakajenga Ng'ambo na kufanya kazi bandarini.

Nao walikuwa na ndugu waliotangulia, hilo tusilisahau. Mnyamwezi hakufika akakosa pa kulala. Lakini ndugu aliyemtangulia alijuana na msimamizi wa shamba, si na mwenye duka la jumla. Alichoweza kumpatia mgeni wake ni nafasi ya kupalilia. Mtandao humpeleka mtu pale ulipo wenyewe. Wa Mmanga uliishia ghalani, wa Mnyamwezi uliishia shambani. Hii ndiyo tofauti kubwa, na imetuchukua muda kuiona kwa sababu tulikuwa tunatafuta tofauti ya bidii.

Ziko tofauti nyingine. Mpaliliaji aliruhusiwa kulima muhogo wake chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, lakini hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti ungempa dai. Alikula, lakini hakuweza kujenga mali juu ya ardhi ile. Serikali nayo ilimhesabu kila mtu kwa kabila: wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulitegemea umeandikwa nani. Huko Tanganyika alikotoka, sheria ya Waingereza ilizuia mfanyabiashara kumdai Mwafrika deni mahakamani kama mkopo haukuwa na kibali cha serikali. Ilielezwa kuwa ni ya kumlinda. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumpa mali kauli.

Hata hivyo tusimchore mtu wa bara kama aliyekaa tu akionewa. Mwezi Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari, wengi wao wa bara, waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima hadi Septemba. Waliweza kustahimili bila mshahara kwa sababu wengi walikuwa na vishamba vya muhogo nje ya mji. Muhogo ule uliodharauliwa ndio uliokuwa akiba yao.

Hesabu iliyolipwa na wasiohusika

Tunaandika aya hii kwa tahadhari, lakini haiwezekani kuiruka. Kulinganisha jamii kwa kuangalia nani ana duka ni jambo lililowahi kuleta maafa Unguja. Siku za uchaguzi wa Juni 1961 ziliuawa roho 68, na wengi wao walikuwa Wamanga wa mashamba. Waliouawa hawakuwa wenye mashamba makubwa wala mawaziri. Walikuwa wauza chumvi na mafuta ya taa. Katika Mapinduzi ya Januari 1964 waliuawa wengi zaidi, na maelfu wakaondoka au kuondolewa nchini. Sababu za Mapinduzi ni pana, zikiwamo ardhi na ubaguzi wa kweli, na si kazi ya jarida hili kuzihukumu. Tunachosema ni hiki: mzee wetu alipouliza "sisi tuna kasoro gani", kijana mmoja nyuma alijibu "wao ndio wenye kasoro." Kamati inayosikia maneno hayo isiyapite kama mzaha.

Damu au mahali?

Wako wanaoamini kuwa biashara imo katika damu ya Mwarabu. Tuwapeleke mbali kidogo. Katika bandari za Uingereza kama South Shields na Cardiff, jamii ya Waarabu wa Yemen ilianza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walikuwa wachochezi wa makaa ndani ya meli, kazi ya joto na mshahara mdogo. Waliokuwa na nafuu ni wachache walioendesha nyumba za kulala mabaharia wenzao. Damu ile ile, bahari nyingine, na jembe badala ya duka.

Kisiwani Jamaica mambo yalikwenda kinyume. Waarabu wa Lebanoni na Syria walioanza kufika mwishoni mwa karne ya 19 walibeba vitambaa mgongoni na kuviuza vijijini kwa mkopo, wakapanda hadi kuwa wafanyabiashara wakubwa, na mmoja wa kizazi chao, Edward Seaga, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1980 hadi 1989. Wajamaika wenyewe, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya miwa, walipohamia Uingereza wakawa wao ndio wageni. Abiria wa meli ya Empire Windrush walishuka Tilbury tarehe 22 Juni 1948, miezi miwili kabla ya mgomo wa bandari ya Unguja. Wengi waliowafuata walikuta vyumba vya kupanga wananyimwa kwa rangi yao na benki haziwakopeshi. Wakafanya nini? Walicheza upatu. Wao waliuita "pardner": kila mmoja anatoa kiasi kila wiki, na mmoja anachukua zote kwa zamu. Kwa fedha hizo familia nyingi ziliweka malipo ya kwanza ya nyumba. Akina mama wa Uroa wangeuelewa mchezo huo kabla hujamaliza kuueleza.

Mfano wa karibu zaidi ni Oman. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Wengi waliotoka Zanzibar, wakizungumza Kiswahili nyumbani, walipata kazi katika wizara, hospitali na kampuni ya mafuta, kwa sababu walikuwa wamesoma na walijua Kiingereza wakati nchi ilikuwa na shule chache mno. Watu hao ndio waliokuwa wamefukuzwa mikono mitupu miaka sita kabla. Mpaka leo fedha kutoka Maskati hujenga nyumba na kusomesha watoto Unguja. Hawakubadilika damu njiani.

Chumba cha kupanga kinasema nini?

Turudi Uroa. Mzee alitoa chumba cha kupanga kama ushahidi wa kushindwa. Tulikaa na washarika kadhaa mmoja mmoja, tukauliza fedha zinakwenda wapi. Mpishi mmoja ambaye kamati ilikuwa imemwandika katika orodha ya "wahitaji sana" ana nyumba ya vyumba vitatu Kahama na anasomesha watoto wawili sekondari. Huku anaishi katika chumba ambacho hata kitanda hakikutoshea, analala kwenye godoro chini. Hajashindwa. Amefanya kile kile alichofanya Mmanga aliyelala juu ya magunia ili ajenge kwao Oman.

Tena ana sababu za kisheria. Kwa sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992, haki ya kutumia ardhi hupewa Mzanzibari, na Mtanzania wa bara si Mzanzibari kwa kuwa Mtanzania tu. Hatupingi sheria hiyo. Visiwa ni vidogo na sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Lakini tusimlaumu mtu kwa kutokujenga mahali asipoweza kupewa kiwanja. Ni ule mti wa kudumu wa mpaliliaji, kwa sura nyingine.

Lakini wengine kweli wamekwama, na hao ndio walengwa wetu. Sifa zao zinafanana: kazi ya msimu bila mkataba, kodi ya chumba inayodaiwa miezi sita kwa mkupuo, na hakuna mtu yeyote kijijini anayeweza kuwasemea. Utalii uliposimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wenye nyumba bara walikwenda nyumbani wakalima. Waliokuwa hawana walibaki wakidaiwa kodi.

Kosa letu

Kikundi chetu cha kwanza cha kuweka na kukopa kilikuwa cha washarika peke yao, watu wa bara watupu. Tulikifungua Julai, hoteli zikiwa zimejaa, kwa mzunguko wa miezi 12. Hisa ziliuzwa vizuri, mikopo ikatoka, sisi tukaandika taarifa nzuri kwa wafadhili. Masika ilipoingia hoteli zikapunguza watu. Wanachama wakapanda boti, wengine wakahamia Nungwi na Paje, na mikopo ikaondoka nao. Waliobaki walifungua kasha wakakuta daftari. Kosa halikuwa la mhazini, ingawa yeye ndiye aliyelaumiwa kanisani mpaka akaacha kuja ibadani. Kosa lilikuwa letu: tulikusanya watu ambao wote hukauka mwezi mmoja, kisha tukashangaa kisima kukauka.

Tena hatukutazama karibu. Mtindo huu wa VICOBA ambao dayosisi nyingi za bara zinautumia ulipita Unguja kwanza, pale shirika la CARE lilipoanzisha vikundi katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, si mbali sana na Uroa. Ulizoea maisha ya kijiji cha Unguja kabla haujavuka kwenda bara. Sisi tuliurudisha ukiwa na kalenda ya bara.

Tunachopendekeza kwa robo ijayo

Baada ya mazungumzo na sheha, na akina mama wa mwani waliotukaribisha kwa subira, tunapendekeza vikundi vichanganyike: wenyeji na watu wa bara, Waislamu na Wakristo. Fedha za mwani na za pweza hazikauki pamoja na za hoteli. Mzunguko uanze Julai na kugawana kufanyike mwezi Machi, kabla ya masika, ili anayeondoka aondoke na chake bila kuacha deni. Na mwenyeji anayemjua mgeni kwa mwaka mzima kikundini ndiye anayeweza kumsemea kwa mwenye nyumba alipe kodi kidogo kidogo. Udhamini huo hakuna ruzuku inayoweza kuununua.

Liko jambo gumu. Akina mama wa Uroa hawataki riba, na wamelisema waziwazi. Badala yake wamekubali ada moja ya huduma kwa kila mkopo, inayobaki ndani ya kasha. Fomu ya wafadhili ina safu ya riba. Tumewaandikia kuomba safu hiyo ibadilishwe, na tunawaomba wafadhili wanaosoma hapa wasione kuwa tumeficha kitu wakiikuta tupu.

Pendekezo la pili ni mali kauli yenyewe. Mama lishe watatu na muuza mboga mmoja wako tayari kuanza. Tumezungumza na mwenye duka la jumla mjini ambaye babu yake, kwa maneno yake, alianza kwa kuuza kahawa kwa mabuli mitaani. Atatoa mchele na mafuta kwa wiki mbili bila fedha, kikundi kikiwa mdhamini. Mradi utaweka dhamana ndogo, lakini kwa mzunguko mmoja tu; baada ya hapo litabaki neno la kikundi.

Tunajua baadhi ya wazee wa kanisa hawajaafiki. Wanasema fedha zilizochangwa na washarika ziwasaidie washarika kwanza, na wanakumbusha kuwa watu wetu hawana mtetezi mwingine huku. Hoja hiyo ina uzito, na hatudai kuwa imejibiwa yote. Tunachoweza kuonyesha ni daftari la kikundi cha kwanza, ambalo lilikuwa la washarika watupu.

Kamati za mitaa zinaombwa kujadili mapendekezo haya na kuleta maoni kwa maandishi ofisi ya miradi kabla ya mwisho wa mwezi Mei. Yule mzee aliyeuliza swali amekubali kuwa mmoja wa washika funguo tatu za kasha jipya. Funguo nyingine mbili zitashikwa na akina mama wa mwani.